Pombe na Mawe ya Nyongo: Majibu kwa Wasomaji wa Mafinga, Tukuyu na Vwawa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala mwenye umri wa miaka 46, naishi Mafinga. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisumbuliwa na kichomi upande wa kulia chini ya mbavu, nikawa natumia dawa za vidonda vya tumbo bila kupona. Majuzi maumivu yalizidi, yakapanda hadi kwenye bega, nikatapika usiku kucha. Nilipopimwa kwa altrasaundi niliambiwa nina mawe kwenye mfuko wa nyongo, nikaandikiwa rufaa kwenda Iringa kuonana na daktari wa upasuaji. Ninakunywa ulanzi katika msimu wake, na bia siku za mwisho wa wiki. Wenzangu kilabuni wananishauri nisikubali kupasuliwa kwa sababu bia huyeyusha mawe na kuyatoa. Mmoja wao alinionyesha kwenye simu maandishi yanayosema kwamba wanywaji hawapati mawe ya nyongo kama wasiokunywa. Mke wangu naye anasisitiza kwamba pombe ndiyo iliyoniletea mawe haya. Nani kati yao anasema kweli?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa maumivu. Wenzako wamekosea kabisa juu ya bia kuyeyusha mawe. Yule mwenye simu amesoma jambo lenye ukweli ndani yake, lakini halikuhusu wewe uliye na mawe tayari. Mke wako hajapata sababu halisi ya mawe, ila wasiwasi wake juu ya pombe una msingi mzuri kuliko yeye mwenyewe anavyodhani, na nitaeleza kwa nini.

Nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kila siku, nayo kazi yake kubwa ni kusaidia mwili kusaga mafuta. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika mfuko mdogo uliojibana chini ya ini, mfuko ambao haubebi zaidi ya vijiko viwili au vitatu vya chakula, na humo hupunguzwa maji ikawa nzito. Unapokula chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni inayouamuru mfuko ujikamue na kumimina nyongo kupitia mrija mwembamba. Ndani ya nyongo kuna kolesteroli, chumvi za nyongo na rangi itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizokufa. Kolesteroli inapozidi kiasi ambacho chumvi hizo zinaweza kukibeba, na mfuko ukawa mvivu kujikamua, ile ya ziada huganda na kutuama, kama sukari iliyozidi inavyotuama chini ya kikombe cha chai iliyopoa. Chembe hizo hukua taratibu kwa miezi na miaka hadi kuwa mawe, mengine madogo kama punje za mchanga na mengine makubwa kama yai la ndege.

Sasa tuitazame bia. Imani kwamba bia hutoa mawe imetokana na mawe ya figo, kwa kuwa pombe huongeza mkojo, na watu hudhani kwamba mkojo mwingi utasukuma kila kilichoganda mwilini. Hata kwa mawe ya figo kinywaji kinachoshauriwa ni maji, wala si bia. Kwa mawe ya nyongo hoja hiyo haina hata mahali pa kusimama, kwa sababu mkojo haupiti katika mfuko wa nyongo. Pombe unayokunywa hunyonywa kutoka tumboni na kwenye utumbo mwembamba, ikaingia katika damu na kupelekwa kwenye ini ili ivunjwevunjwe; haimiminiki ndani ya mfuko wa nyongo na kuloweka mawe. Ipo dawa ya vidonge, asidi ya ursodeoksikoliki, inayoweza kuyeyusha mawe madogo ya kolesteroli iwapo mfuko bado unafanya kazi vizuri, lakini huchukua kati ya miezi 6 na miaka 2, na karibu nusu ya waliofanikiwa hupata mawe tena ndani ya miaka 5. Ikiwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inahangaika kiasi hicho, chupa ya bia haiwezi kuifanya kwa wikiendi moja.

Maandishi uliyoonyeshwa kwenye simu yanastahili jibu la haki, kwa maana hayakubuniwa. Tafiti kadhaa zilizofuatilia watu wengi kwa miaka mingi, hasa Ulaya na Marekani, zimeona kwamba wanaokunywa kidogo hupata mawe ya nyongo mara chache kuliko wasiokunywa kabisa. Wataalamu hudhani kwamba pombe kidogo hubadilisha jinsi mwili unavyoshughulikia kolesteroli, nyongo ikawa haijai mno kolesteroli hiyo. Hata hivyo, tafiti za namna hiyo hutazama tu nani alikunywa na nani aliugua, na katika kundi la wasiokunywa wamo watu wengi walioacha pombe kwa sababu walikuwa wagonjwa tayari, jambo ambalo huwafanya wanywaji waonekane wana afya kuliko walivyo. Zaidi ya hapo, tafiti hizo zilihusu uwezekano wa mtu kuanza kupata mawe. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba mwenye mawe huyapoteza kwa kunywa. Hakuna chama cha madaktari kinachoagiza pombe kama kinga ya mawe ya nyongo, na Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, likikumbusha kwamba pombe husababisha saratani za aina zisizopungua 7, zikiwemo za ini, za koo la chakula na za titi.

Jambo jingine ambalo maandishi ya simu hayakukuambia ni kwamba picha hugeuka kabisa unywaji unapokuwa mwingi. Mtu anayekunywa sana kwa miaka mingi huweza kupata makovu kwenye ini hadi ini likasinyaa na kuwa gumu, na mwenye ini la namna hiyo hupata mawe ya nyongo mara nyingi kuliko mtu wa kawaida. Mawe yake huwa ni meusi, yanayotokana na ile rangi ya chembe za damu, wala si ya kolesteroli. Tena mgonjwa huyo ndiye ambaye upasuaji humletea hatari zaidi, kwa kuwa ini lililosinyaa halitengenezi vya kutosha vitu vinavyogandisha damu.

Huenda ukajiuliza unywaji mwingi ni upi. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi, na unaweza kuhesabu chupa zako. Ulanzi ni mgumu kuhesabu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba utomvu uliogemwa leo kutoka kwenye mwanzi mchanga ni mtamu na hauna ukali, bali ukikaa huendelea kuchacha na kukolea, hivyo lita moja ya leo si sawa na lita moja ya keshokutwa. Komoni, pombe ya kienyeji ya nafaka, nayo hutofautiana kutoka mpishi mmoja hadi mwingine. Mtu anaweza kukaa kilabuni tangu saa nane mchana hadi giza, akipokezana kopo na wenzake, akaamini kwa moyo safi kwamba amekunywa kidogo. Gongo siizungumzii kama kinywaji, kwa sababu mbali na ukali wake imewahi kuwapofusha na kuwaua watu pale ilipokuwa na methanoli.

Linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni kongosho. Hiki ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na mrija wake hukutana na mrija wa nyongo kabla ya kuingia kwenye utumbo. Jiwe dogo likitoka kwenye mfuko na kukwama katika makutano hayo, kongosho huvimba ghafla na vimeng'enya vyake huanza kukishambulia kiungo chenyewe. Sababu kubwa mbili za kongosho kuvimba ghafla, katika sehemu nyingi za dunia, ni mawe ya nyongo na pombe. Wewe unayo ya kwanza ndani ya mwili wako, na ya pili unaifuata mwenyewe kila mwisho wa wiki. Siwezi kuita hilo jambo dogo. Ugonjwa huo huanza na maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma, na wapo wanaoupona kwa siku chache za kulazwa na kuwekewa maji, lakini wapo pia wanaofariki. Kwa ajili hiyo namuunga mkono mke wako: mawe yako huenda hayakuletwa na pombe, lakini kuendelea kunywa ukiwa nayo ni kuongeza hatari juu ya hatari. Ushauri wangu ni kwamba uache pombe kabisa angalau hadi tatizo hili litakapokuwa limetibiwa.

Kuhusu maumivu, nakuomba uchunguze yanakuja lini. Wagonjwa wengi wa huku kwetu husema kwamba tumbo huwashika wakitoka baa, nao huilaumu bia au huilaumu baridi. Ukiwahoji vizuri, unakuta kwamba mezani palikuwa na kitimoto cha kukaanga, au chipsi mayai, au supu ya kuzimua iliyoelea mafuta asubuhi yake. Ni mafuta hayo yanayoufanya mfuko ujikamue kwa nguvu, jiwe likasukumwa kwenye mdomo wa mrija na kuuziba. Maumivu huanza nusu saa au saa kadhaa baada ya chakula, hukaa mahali pamoja bila kupungua, kisha jiwe linaporudi nyuma yanatulia kana kwamba hakukuwa na kitu. Kutulia huko ndiko kunakowafanya watu wachome rufaa zao. Wewe umekaa na dawa za vidonda vya tumbo kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, na hauko peke yako; mtu anayejulikana kuwa mnywaji akilalamika tumbo huambiwa haraka kwamba ni pombe inamuunguza, na hakuna anayewaza mawe. Nawasihi wahudumu wa zahanati wanaosoma safu hii wamwandikie altrasaundi kila mgonjwa mwenye maumivu ya namna hii yanayojirudia, awe mlevi au asiwe.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 hadi 8 ili mfuko ujae, kisha mpimaji hupitisha kifaa chenye ute wa baridi chini ya mbavu. Jiwe huonekana kama doa jeupe linalong'aa, na nyuma yake kuna mstari mweusi wa kivuli kwa sababu mawimbi ya sauti hayawezi kulipenya. Mpimaji humgeuza mgonjwa ubavu wa kushoto, na doa lile likiviringika kwenda upande mwingine anajua kwamba ni jiwe, wala si uvimbe ulioota kwenye ukuta. Kipimo hiki hugundua zaidi ya asilimia 95 ya mawe yaliyo ndani ya mfuko.

Ukiwa unasubiri kwenda Iringa, kula milo midogo isiyo na mafuta mengi: ugali, maharage yasiyoungwa kwa mafuta mengi, samaki wa kuchemsha, mboga, matunda. Usikae siku nzima bila chakula, kwa maana mfuko usiojikamua huzidisha mgando. Maumivu yakikurudia, mwombe mhudumu dawa inayokufaa, wala usimeze diklofenaki juu ya pombe kwa sababu tumbo linaweza kutoka damu, na parasetamoli nayo kwa mtu anayekunywa sana huweza kuliumiza ini. Mweleze daktari wa upasuaji kiasi unachokunywa bila kupunguza hata kopo moja. Hatakuhukumu, anahitaji kujua ili apange dawa ya usingizi, apime ini lako na akuandae. Kuacha pombe kwa wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya kidonda na ya kutokwa na damu. Lakini kama wewe ni mtu ambaye mikono hutetemeka asubuhi hadi uzimue, usiache kwa ghafla ukiwa peke yako nyumbani, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa katika siku mbili tatu za mwanzo. Nenda hospitali useme hivyo, utasaidiwa kuacha kwa usalama.

Usisubiri tarehe ya rufaa ikiwa maumivu yatazidi saa 6 bila kutulia, ukipata homa na kutetemeka, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au maumivu yakipenya hadi mgongoni huku ukitapika. Kutoka Mafinga hadi Iringa ni takriban kilomita 80 kwa barabara kuu, na safari hiyo ifanywe usiku huohuo.

Upasuaji wenyewe haupaswi kukutisha kiasi cha kukukimbiza. Mfuko wa nyongo ulitolewa kwa mara ya kwanza na daktari Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, na tangu mwaka 1985 inawezekana kuutoa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo. Uliza kama njia ya matundu inapatikana huko unakopelekwa au kwenye hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, na uulize mapema bima yako inalipia nini. Hawatoi mawe na kuuacha mfuko, kwa maana mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine.

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 38, naishi karibu na Tukuyu. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, na ninaimba kwaya. Nimekutwa na mawe ya nyongo. Tangu habari zienee, baadhi ya wenzangu kanisani wananong'ona kwamba ninakunywa kwa siri, kwa kuwa "nyongo na ini ni magonjwa ya walevi". Jirani amenipa mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na limau, nikanywa usiku, na asubuhi nilitoa vijiwe vya kijani vingi. Je, nimepona?

JIBU: Pole sana mama, na pole zaidi kwa minong'ono, kwa sababu imekuongezea maumivu ambayo ugonjwa wenyewe haukuwa nayo. Naomba wanaonong'ona wasome hapa. Mawe ya nyongo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na ujauzito ni mojawapo ya sababu kubwa: homoni ya estrojeni huongeza kolesteroli katika nyongo, na projesteroni huulegeza mfuko usijikamue vizuri. Mama aliyebeba mimba 4 amepita katika hali hiyo mara 4. Sababu nyingine ni umri, unene, kupungua uzito kwa haraka mno, kisukari, ugonjwa wa selimundu, na kuzaliwa katika ukoo wenye mawe. Pombe haimo katika sababu za mawe ya kawaida ya kolesteroli, na wengi mno wanaokutwa na mawe hawajawahi kushika kopo. Karatasi ya altrasaundi uliyopewa inaeleza ukubwa wa mawe na unene wa ukuta wa mfuko. Haiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ulikunywa au hukunywa.

Vijiwe ulivyotoa si mawe ya nyongo. Mafuta mengi yakikutana na vimeng'enya vya tumboni na juisi ya limau hutengeneza madonge ya sabuni, laini, ya kijani, na madaktari wa New Zealand waliyapima maabara na kuandika matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 2005. Mawe ya kweli hayayeyuki ukiyaweka mahali penye joto; hayo ya sabuni huyeyuka. Mafuta ya kiasi kile yangeweza kuusukuma mfuko wako ujikamue kwa nguvu na kulikwamisha jiwe kwenye mrija, kwa hiyo usirudie. Hata parachichi, ambayo Rungwe imejaliwa kwa wingi, kula kipande kwa kiasi, usile mbili tatu kwa mkupuo.

Hukuniambia kama una maumivu. Kama mawe yalionekana kwa bahati ulipopimwa kwa jambo jingine, na hayakusumbui, kwa kawaida huachwa, kwa kuwa takriban watu 8 kati ya 10 wenye mawe ya kimya huishi nayo bila kuugua. Kama yanauma, zungumza na daktari wa upasuaji.

SWALI: Nilitolewa mfuko wa nyongo miezi mitatu iliyopita, niko Vwawa. Je, ninaweza kurudi kwenye bia?

JIBU: Kutokuwa na mfuko wa nyongo hakuharamishi pombe, kwa sababu si mfuko uliokuwa ukiivunja pombe mwilini, ni ini, nalo bado unalo. Nyongo sasa inatiririka moja kwa moja kwenye utumbo, na baadhi ya watu huharisha wakila mafuta au wakinywa, hasa miezi ya mwanzo. Jibu langu linategemea mambo mawili yaliyomo katika faili lako. Kama uliwahi kuvimba kongosho, hata kama kilichosababisha kilikuwa jiwe, ushauri wangu ni kwamba usirudi kabisa. Kama daktari aliona ini lako lina makovu wakati wa upasuaji, usirudi pia. Kama hayo yote hayapo, huna sababu ya kitabibu ya kuanza tena, na miezi mitatu bila pombe imekwisha kulifaa ini lako. Ukipata maumivu yaleyale ya zamani, au macho ya manjano, rudi hospitali hata kama mfuko umetolewa, kwa kuwa jiwe huweza kubaki kwenye mrija.